Muunganisho wa kanzidata ufungwe lini?

Anayeanza PHP hupewa ushauri mmoja uliozeeka: mwisho wa faili, andika `mysqli_close`, amri ya kufunga muunganisho. Anauandika, mradi wa chuo unapita, kisha siku tovuti inapopata watu wa kweli inaanguka na ujumbe "Too many connections", kosa namba 1040 la MySQL. Mstari ule upo palepale, chini ya kila faili. Haukusaidia kwa sababu hapo ulipo karibu hauna kazi: PHP hufunga yenyewe kila muunganisho wa kawaida skripti inapomalizika, uandike usiandike, na hata ukiikatiza njiani kwa `exit`. Kinachoua tovuti ni ule muda ambao muunganisho umekaa wazi kabla ya kufika huko chini, huku hakuna anayeutumia.

Tuanze na hesabu. MySQL ikisakinishwa bila kuguswa inaruhusu miunganisho 151 kwa wakati mmoja, na PostgreSQL inaruhusu 100. Kwenye hosti za kuchangia, ambako tovuti nyingi ndogo za Dodoma zinaishi, mwenye hosti huweka juu yake kikomo cha kila mtumiaji, `max_user_connections`, na mara nyingi ni makumi machache tu. Ukigonga kikomo hicho kosa si 1040 bali ni 1203 au 1226. Litazame vizuri, maana linakwambia kwamba seva haijajaa, umejaa wewe.

Idadi ya miunganisho iliyo wazi hupatikana kwa kuzidisha: maombi yanayoingia kwa sekunde, mara sekunde ambazo kila ombi linaushika muunganisho. Maombi 10 kwa sekunde, kila moja likishika kwa sekunde 0.05, ni wastani wa muunganisho nusu. Seva inapiga miayo. Maombi hayohayo 10, kila moja likishika kwa sekunde 20, ni miunganisho 200, na 151 zimeshapita. Wageni hawakuongezeka hata mmoja. Kilichoongezeka ni muda wa kushika.

Sekunde 20 zinatoka wapi? Mara nyingi zinatoka kwenye malipo. Tuseme chama cha ushirika huko Hombolo kimetengenezewa tovuti ya kuuza zabibu na mchuzi wa zabibu kwa oda. Mteja wa Dar anachagua kilo 40, anaweka namba ya simu, na skripti inafanya hivi:

```
$db = fungua();
$db->beginTransaction();
punguzaGhala($db, $ghala, 40);
$oda = hifadhiOda($db, $_POST);
$jibu = ombaMalipo($oda);
wekaHali($db, $oda, $jibu);
$db->commit();
```

Msomaji wa haraka ataona msimbo safi. Mstari wa tano ndio wenye matatizo yote. `ombaMalipo` inatuma ombi kwa mtandao wa simu, simu ya mteja inalia, mteja anatafuta miwani, anasoma jina la anayelipwa, anaingiza namba ya siri. Muda wote huo muunganisho upo wazi na haufanyi lolote, kama ndoo iliyokinga bomba la kioski cha maji wakati mwenyewe kaenda dukani.

Hilo la muunganisho ni nusu ya hasara. Muamala wa kanzidata, yaani kundi la mabadiliko yanayokubaliwa au kubatilishwa kwa pamoja, kuanzia `beginTransaction` hadi `commit`, nao uko wazi, na `punguzaGhala` imeshaufunga kwa kufuli mstari wa ghala lile kwenye jedwali. Kila mteja mwingine anayeagiza kutoka ghala hilohilo anasimama nyuma ya kufuli, naye kashika muunganisho wake. Wakiingia wanne kwa pamoja na kila mmoja akachukua sekunde 20 kulipa, wa pili anangoja 20, wa tatu 40, na wa nne angengoja 60, ila InnoDB, injini ya MySQL inayotunza majedwali, haimwachi mtu angoje zaidi ya sekunde 50 kwa mpangilio wake wa kawaida. Anapata kosa 1205. Na hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui: kosa 1205 hubatilisha lile ulizo (amri ya SQL) moja tu, si muamala mzima. Muamala unabaki wazi mpaka msimbo wako useme `rollBack` au muunganisho ufungwe. Ukilikamata kosa hilo, ukaandika kwenye kumbukumbu ya makosa na kuendelea kana kwamba hakuna kilichotokea, umeacha kufuli nyingine nyuma yako.

Baya kuliko yote ni pale skripti inapokufa baada ya mteja kulipa na kabla ya `commit`. MySQL inabatilisha kila kitu, oda inatoweka, na pesa imeshatoka kwa mteja. Akipiga simu kulalamika, kwenye kanzidata hakuna hata alama kwamba aliwahi kuagiza.

Dawa ni kugawa kazi vipande vitatu na kuachia muunganisho kabla ya kipande cha katikati:

```
$db = fungua();
$db->beginTransaction();
punguzaGhala($db, $ghala, 40);
$oda = hifadhiOda($db, $_POST, 'inasubiri');
$db->commit();
$db = null;

$jibu = ombaMalipo($oda);

$db = fungua();
wekaHali($db, $oda, $jibu);
$db = null;
```

Sasa muunganisho unashikwa kwa milisekunde kadhaa mara mbili, si sekunde 20 mara moja. Skripti ikifa katikati, oda ipo na hali yake ni "inasubiri". Kazi ya kroni (cron, inayojiendesha kwa ratiba) inayopita kila baada ya dakika chache inaulizia malipo, kisha inathibitisha oda au inarudisha kilo ghalani. Na kama mfumo wa malipo unaweza kukupigia wewe baadaye kwenye anwani uliyoiandaa, usingoje kabisa: mwonyeshe mteja ukurasa wa "tunasubiri malipo" na umalize skripti. Kungoja ndani ya ombi la wavuti ni tabia mbaya hata pasipo kanzidata, kwa sababu mchakato wa PHP nao unakaa umeshikwa.

Wapo watakaouliza kama kufungua mara mbili si gharama. Kanzidata ikiwa kwenye mashine ileile au kwenye mtandao uleule wa ndani, kufungua ni milisekunde chache au chini ya hapo. Hesabu inageuka pale tovuti inapokaa kwenye seva ya ofisini Dodoma na kanzidata ikakodishwa Ulaya. Safari moja ya kwenda na kurudi huko huzidi milisekunde 100, na kufungua muunganisho kunahitaji safari kadhaa: ya TCP, ya salamu na utambulisho wa MySQL, na za usimbaji kama umewashwa. Nusu sekunde inaweza kuisha kabla ya ulizo la kwanza. Lakini hapo kosa lilifanyika siku ya kupanga nani akae wapi, na kila ulizo litakalofuata litaendelea kulipia kosa hilo.

Turudi kwenye `$db = null`, maana inadanganya. PDO, njia ya PHP ya kuunganika na kanzidata inayotumika katika mifano ya hapa, haina kitendo (function) cha kufunga. Muunganisho unafungwa pale kitu chenyewe kinapokosa mtu yeyote wa kukishikilia, na mara nyingi yupo anayekishikilia bila wewe kumwona. Wa kwanza ni ulizo lililoandaliwa:

```
$st = $db->prepare('SELECT jina FROM wakulima WHERE kijiji = ?');
$st->execute([$kijiji]);
$orodha = $st->fetchAll();
$db = null;
```

Muunganisho huo bado uko wazi. `$st` imebeba kiungo cha PDO ndani yake, kwa hiyo iandike `$st = null;` kwanza, halafu `$db = null;`. Wa pili ni klasi au kigeugeu (variable) tuli kinachohifadhi PDO moja kwa ajili ya programu nzima. Kuliwekea null jina moja hakugusi jina jingine. Wa tatu ni kitu cha hitilafu (exception) chenyewe. Kosa likirushwa na ukaliweka kwenye kigeugeu, historia yake huweza kubeba hoja za kila kitendo kilichoitwa, na PDO ikiwa mojawapo. Faili la mipangilio ya uzalishaji linalokuja na PHP tangu toleo 7.4 huzima hilo kwa `zend.exception_ignore_args`, lakini usipolitumia faili hilo, mpangilio wa msingi unaacha hoja zibebwe.

Njia rahisi ya kukwepa yote matatu ni kuiweka kazi ya kanzidata ndani ya kitendo chake. Vigeugeu vya ndani hufa kitendo kinaporudi, ulizo na PDO kwa pamoja, na wewe unabaki na data tu. mysqli, njia nyingine ya PHP ya kuunganika na MySQL, ni wazi zaidi kwa hili, kwa sababu `close` hufunga palepale. Ukijaribu kukitumia kitu hicho baadaye, PHP 8 itakurushia kosa badala ya kunung'unika kimyakimya. Ukitaka `close` iitwe hata kosa likitokea, iweke ndani ya `finally`, iliyopo tangu PHP 5.5. Usiirudie katika kila `catch`, utaisahau katika mojawapo. Na kama bado una msimbo wa `mysql_connect`, huo haufanyi kazi kabisa tangu PHP 7.0, kwa hiyo kuufunga si tatizo lako la kwanza.

Kuna mtego mwingine usioonekana kwa macho: sesheni. PHP ikihifadhi sesheni kwenye faili, huifunga kwa kufuli faili hiyo tangu `session_start` hadi mwisho wa skripti. Mtumiaji mmoja akifungua kurasa tatu kwa mpigo, ya pili na ya tatu zinangoja ya kwanza. Sasa angalia mpangilio wa tovuti nyingi: faili la kuunganisha kanzidata linaitwa mstari wa kwanza, `session_start` mstari wa pili. Kurasa zile mbili zimeshafungua miunganisho na zimesimama kwenye mlango wa sesheni nayo mkononi. Geuza mpangilio, sesheni kwanza na kanzidata baadaye, na ukishamaliza kuandika kwenye sesheni iachie kwa `session_write_close`. Ni mistari miwili. Kwenye kurasa zenye maombi mengi ya JavaScript kwa mpigo, tofauti utaiona siku hiyohiyo.

Wala usitegemee mteja aliyechoka akafunga kivinjari akusaidie. PHP haigundui kwamba ameondoka mpaka ijaribu kumtumia kitu, na skripti inayongoja malipo haitumi kitu. Kikomo cha sekunde 30 cha `max_execution_time` nacho hakiokoi: kwenye Linux muda unaotumika kusubiri kanzidata au mtandao hauhesabiwi. Muda wa kungoja uuweke wewe kwenye ombi lenyewe la mtandao, kwa mfano sekunde 5 za kuunganika na 15 za kupata jibu.

Halafu kuna miunganisho ya kudumu. Kwenye mysqli unaweka `p:` mbele ya jina la hosti. Kwenye PDO unawasha `PDO::ATTR_PERSISTENT`. Hapa kufunga hakufungi: muunganisho unarudi kwenye akiba ya ule mchakato wa PHP ukimsubiri mgeni mwingine. Hesabu inabadilika kabisa. Haitegemei tena wageni, inategemea michakato. PHP-FPM, programu inayoendesha michakato ya PHP, yenye `pm.max_children` (kikomo cha michakato) 50 kwenye seva nne inaweza kushika miunganisho 200 saa tisa usiku, wakati hata mbwa wa Nkuhungu wamelala. Tovuti moja ikitumia watumiaji wawili tofauti wa kanzidata, kila mchakato unaweza kushika miwili.

Tena unarithi uchafu wa aliyetangulia. mysqli husafisha kabla ya kutumia upya: hubatilisha muamala uliobaki, hufuta majedwali ya muda, huachia kufuli za majedwali. PDO haifanyi usafi wa aina hiyo, hivyo jedwali la muda au mpangilio uliowekwa kwa `SET` unaweza kumkuta mgeni wa pili. Kwa tovuti ya kawaida ambayo kanzidata yake iko jirani, miunganisho ya kudumu ni tiba ya ugonjwa ambao huna. Iache.

Walio nje ya PHP wana mitego yao. Kwenye Python, `with` juu ya muunganisho wa sqlite3 au psycopg2 hukamilisha au kubatilisha muamala tu. Haifungi muunganisho, na watu huapa kwamba inafunga. Tumia `contextlib.closing` au uite `close` mwenyewe. Kwenye Node, yaani JavaScript ya upande wa seva, muunganisho uliouchukua kutoka akiba (pool) hurudishwa kwa `release`. Kwenye maktaba ya mysql2 akiba hiyo ina nafasi 10 tu usipobadilisha, kwa hiyo njia moja ya kosa isiyofika kwenye `release` inaigandisha programu nzima baada ya makosa 10, bila ujumbe wowote kutoka MySQL. Programu inakaa kimya tu.

Skripti zisizo na mwisho ni ulimwengu tofauti: mfanyakazi wa foleni anayetuma SMS kwa wakulima, au kroni inayozunguka usiku kucha. Hapo "PHP itafunga mwisho wa skripti" haina maana, maana mwisho haupo. MySQL huukata muunganisho uliokaa bure kwa sekunde 28800, yaani saa nane, na mfanyakazi aliyelala tangu jioni anaamka asubuhi na kosa 2006, "MySQL server has gone away". Fungua kwa kila kazi au kila kundi la kazi, kisha funga. Kuongeza `wait_timeout` ili kosa lisionekane ni kuficha.

Kuipunguza kwa ajili ya wavuti, kwa upande mwingine, ni busara: sekunde 60 hadi 120 zinatosha kwa kurasa. Mfanyakazi wa foleni anayehitaji zaidi aombe mwenyewe kwa `SET SESSION wait_timeout = 600`. Faida yake utaiona umeme ukikatika. Seva ya wavuti iliyoko ofisini Area D ikizimika ghafla na kanzidata iko kwenye mashine nyingine yenye UPS nzuri, hakuna aliyeaga. Kwa MySQL miunganisho ile bado ni hai. Linux kwa mpangilio wake wa kawaida huanza kuuliza kama mwenzake yupo baada ya sekunde 7200, kisha huuliza mara 9 kwa kupishana sekunde 75, yaani zaidi ya saa mbili na dakika kumi kabla ya kukata tamaa. Umeme ukirudi baada ya dakika tano, seva ya wavuti inawaka na kufungua mipya juu ya mizimu ya zamani. Ukikatika mara tatu mchana mmoja, nafasi 151 zinaweza kuisha bila mgeni wa ziada hata mmoja. `wait_timeout` ya sekunde 120 inaizika mizimu hiyo baada ya dakika mbili.

Kujua una ugonjwa gani, usikisie. Ingia kwenye MySQL uandike `SHOW PROCESSLIST;` wakati tovuti imezidiwa:

```
Id   User    db      Command  Time  Info
812  wavuti  zabibu  Sleep    17    NULL
813  wavuti  zabibu  Sleep    16    NULL
815  wavuti  zabibu  Query    12    UPDATE ghala SET kilo...
```

`Sleep` yenye sekunde nyingi ni muunganisho ulioshikwa bure: tafuta skripti inayongoja kitu kingine. `Query` yenye sekunde nyingi ni ulizo zito au lililosimama kwenye kufuli, na hapo kufunga mapema hakutakusaidia; unahitaji faharasa (index) au muamala mfupi zaidi. Mchanganyiko kama huu wa hapa juu unaeleza habari yote, kwani 815 anangoja kufuli, na mwenye kufuli ni mmoja wa waliolala. Kumpata, soma jedwali `information_schema.innodb_trx` na ulinganishe safuwima `trx_mysql_thread_id` na `Id`. Kisha `KILL 812;` kwa dharura, na msimbo urekebishwe siku hiyohiyo. Upande wa PostgreSQL hali hiyo huitwa `idle in transaction`, na kuna mpangilio wa kuikata, `idle_in_transaction_session_timeout`, ambao huja umezimwa. Uwashe.

Wengi hukimbilia kuongeza `max_connections` hadi 1000. Kila muunganisho kwenye MySQL ni uzi wenye kumbukumbu yake, na kwenye PostgreSQL ni mchakato mzima. Mashine ya kukodi yenye RAM ya GB 1 itaishiwa kumbukumbu kabla ya kufika huko, na badala ya wageni wachache kukataliwa, kanzidata yote itauawa na Linux. Ongeza pale tu `Max_used_connections` inapokaribia kikomo huku `SHOW PROCESSLIST` ikionyesha watu wanaofanya kazi kweli.

Na tovuti isiunganike kama `root`. MySQL hutunza nafasi moja ya ziada juu ya zile 151 kwa ajili ya msimamizi, aweze kuingia na kuua miunganisho wakati kila kitu kimejaa. Tovuti yako ikiwa na mamlaka hayo, itaichukua na nafasi hiyo, nawe utabaki nje na amri yako ya `KILL` mkononi.